Kabla Keki Haijakatwa: Kumkodi Mpiga Picha wa Siku ya Kuzaliwa

NEEMA: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Mwanza na wa kandokando yote ya Ziwa. Mimi ni Neema, mshereheshaji, na niliye naye mezani ni kaka Kulwa, ambaye kazi yake ni kupiga picha za mnato. Leo tunazungumzia yale ambayo mzazi anapaswa kuyatarajia, na yale anayopaswa kuyaandaa mwenyewe, anapomkodi mpiga picha kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe. Kaka Kulwa, watu wengi hutanguliza bei.

KULWA: Asante, dada Neema. Bei ni swali halali, lakini ningependa litanguliwe na lingine: mpiga picha atakuwepo kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi? Wengi wetu tunatoza kulingana na muda, na sherehe zetu, kama sote tunavyojua, hazianzi saa iliyoandikwa kwenye kadi. Ukimkodi mtu kwa saa tatu kuanzia saa tisa alasiri, wageni wakaanza kuketi saa kumi na moja, muda wake utakwisha keki ikiwa bado ndani ya boksi. Hakuna aliyevunja makubaliano hapo, ila picha mliyoitaka kuliko zote haipo.

NEEMA: Ndiyo maana mimi huwasisitizia wazazi kwamba ratiba niliyo nayo mimi ndiyo hiyo hiyo awe nayo mpiga picha. Mara nyingi mshereheshaji anapewa karatasi, mpambaji anapigiwa simu, na mpiga picha anaambiwa tu, “Wewe njoo mchana.” Mtu aliyeitwa namna hiyo hawezi kujua kwamba bibi ataondoka mapema kuwahi kivuko.

KULWA: Na bibi akishaondoka, hakuna kamera itakayomrudisha. Sasa, kwetu hapa ratiba ni suala la mwanga pia, na hili ndilo ninalolililia siku zote. Mwanza iko karibu digrii mbili na nusu kusini mwa ikweta, tena upande wa magharibi wa nchi, kwa hiyo jua letu halifiki juu kabisa saa sita kamili, bali kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana. Wakati huo mwanga unaanguka wima, macho yanageuka vivuli vyeusi, na watoto wanakunja nyuso. Kuanzia saa kumi na moja jioni hali inabadilika: jua linashuka upande wa ziwa, mwanga unawafikia watu usoni, na ngozi zetu zinaonekana kwa uzuri wake wote. Lakini mwanga huo hauna subira. Jua huzama karibu saa moja, mwaka mzima bila tofauti kubwa, na baada ya hapo haipiti nusu saa kabla giza halijaingia.

NEEMA: Kwa hiyo ungemshauri nini mzazi anayefanyia sherehe ufukweni kule Ilemela, au kwenye bustani ya Capri Point?

KULWA: Keki ikatwe saa kumi na moja na nusu. Chakula kinaweza kufuata, muziki unaweza kufuata, hotuba za wajomba na mashangazi nazo zinaweza kufuata. Kama ni msimu wa masika, yaani Machi hadi Mei, au mvua za mwisho wa mwaka, wenye sherehe waulizane mapema kama kuna hema au baraza, kwa sababu mpiga picha hawezi kufanya kazi yake vizuri huku akiitafutia kamera mahali pa kuikinga na mvua.

NEEMA: Niwatetee wazazi kidogo, kaka. Watu wanatoka kazini jioni, na wengine hawana budi kukodi ukumbi usiku, wenye taa za rangi kila kona.

KULWA: Usiku hauna ubaya, ila maswali yanakuwa mengine. Muulize kama ana taa ya kamera na lenzi inayofaa mahali penye mwanga hafifu, na kama ana kamera ya akiba. Usiridhike na picha kumi nzuri alizozichagua kwenye simu yake. Mwombe akuonyeshe picha za sherehe moja nzima ya usiku, tangu wageni walipoingia mpaka walipoaga, kwa idhini ya mwenye sherehe. Hapo utaona kama anajua kumpiga picha mtu mweusi aliyesimama mbele ya mapambo meupe bila kumwacha kama kivuli. Nawe, dada, unaweza kutusaidia sana: wakati wa keki, mwombe DJ azime taa za rangi na ukumbi uwashe taa nyeupe kwa dakika kumi tu. Uso ulioangazwa na taa ya buluu peke yake haurudishiki kwenye rangi yake, hata uhaririwe vipi.

NEEMA: Nalichukua hilo. Na mishumaa je?

KULWA: Watoto huipuliza kabla hatujahesabu hata tatu. Ikiwezekana mtoto asubiri ishara, na watu wenye simu wasimame nyuma ya mpiga picha, si mbele yake.

NEEMA: Kuna na lile la kumwagiana maji. Tafadhali, liwe la mwisho kabisa, picha za familia zikishakamilika, na mpiga picha aambiwe mapema ili asimame mbali, yeye pamoja na vifaa vyake. Nguo ikishalowa, hakuna picha ya heshima inayowezekana tena. Vilevile, atafutwe ndugu mmoja wa kuwakusanya watu. Mpiga picha hajui shangazi ni yupi na jirani ni yupi.

KULWA: Hiyo ni busara kubwa. Kuhusu makubaliano, yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu: muda, malipo ya kutanguliza, nauli ikiwa ni nje ya mji, idadi ya picha zitakazohaririwa, na siku ya kuzikabidhi. Baada ya sherehe, kuchagua na kuhariri huweza kuchukua muda mrefu kuliko sherehe yenyewe, kwa hiyo msidai picha zote kesho yake. Kama mnataka droni, muulizeni kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hasa kwa kuwa uwanja wetu wa ndege uko hapo hapo Ilemela.

NEEMA: Na picha za watoto wa wageni? Wapo wazazi wasiotaka sura za watoto wao zisambae.

KULWA: Wana haki. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kama isingekuwepo, mtoto wa mwenzio si tangazo la biashara yangu. Picha pia inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kwa hiyo iandikwe wazi kama naruhusiwa kuitumia kujitangaza au hapana. Mzazi akisema hapana, bei isipande.

NEEMA: Swali la mwisho: picha zikabidhiwe vipi?

KULWA: Wengi huridhika na zilizotumwa WhatsApp, lakini zikitumwa kama picha za kawaida hupunguzwa ukubwa, na ukitaka kuchapa fremu ya ukutani utaona ukungu. Dai mafaili kamili kwenye flashi au kwenye hifadhi ya mtandaoni, kisha uweke nakala ya pili mahali pengine. Muulize pia atazihifadhi kwake kwa muda gani, kwa sababu memori kadi hutumika tena kwenye sherehe inayofuata.