Nimeenda kuikagua Corvette ya 1963 na sumaku mfukoni

Haya jamani, habari za huko? Mimi niko St. Louis, Missouri, nje ya gereji ya mzee mmoja, na baridi ya leo sio ya mchezo. Ngoja nigeuze kamera. Mnaiona? Chevrolet Corvette Sting Ray ya 1963, imefufuliwa kuanzia chesisi hadi rangi, na inauzwa. Tena imezaliwa humu humu mjini, Corvette za miaka ile zote ziliundwa hapa.

Nikienda kukagua gari huwa natembea na sumaku. Alinifundisha anko wangu, fundi bodi wa Gerezani: ipitishe taratibu, ikigoma kushika ujue chini ya rangi pana puti ya kuzibia. Basi nikaiweka mlangoni, ikaanguka. Boneti, ikaanguka. Mzee anacheka mpaka anakohoa. Kumbe bodi nzima ni faiba! Kutu yake utaitafuta chini, kwenye chesisi, na kwenye mifupa ya chuma iliyojificha kuzunguka kioo cha mbele.

Wale wa "bro nitumie hiyo", usukani uko kushoto, na buti haina. Begi unalipitishia mlangoni, unalisukuma nyuma ya viti.

Njooni huku nyuma sasa. Kioo kimegawanywa katikati na huu uti. Ni mwaka 1963 peke yake. Bill Mitchell, mkuu wa usanifu General Motors, aliung'ang'ania. Zora Arkus-Duntov, mhandisi wa Corvette, hakuutaka kabisa, dereva ataonaje nyuma? 1964 ukaondolewa. Na kuna wenye gari waliukata wenyewe ili gari yao ifanane na mpya! Za paa gumu kama hii, yaani coupe, zilitengenezwa 10,594 tu, kwa hiyo leo uti huo ni pesa. Nimepitisha kidole ndani na nje, sijagusa kiraka.

Kilichonikwaza kiko kwenye injini. Ni silinda nane, inchi za ujazo 327, kama lita 5.4 hivi. Namba imegongwa kwenye kibapa kidogo mbele ya silinda hedi, upande wa abiria, na inalingana na namba ya gari, ile ya kibati kilicho chini ya droo ya dashibodi. Safi, si ndio? Sasa mulika tochi kwa ubavu. Chuma cha kiwandani kinabaki na mistari myembamba inayotoka mbele kwenda nyuma. Hapa ni laini kama sahani. Labda bloku ilichongwa wakati wa ovahoo, labda namba imegongwa juzi. Kwa macho siwezi kuapa.

Ila bei anayotaka, dola laki moja na ushee, ni bei ya injini iliyozaliwa na gari. Nimemuuliza, kasema yeye aliinunua hivyo hivyo. Si mnamwona pale? Anafuta boneti ambayo haina hata vumbi.