Alisema Mama Amekufa

Asanteni kwa kunikaribisha. Leo nina filamu moja tu, ya Kifaransa, *Les Quatre Cents Coups* ya François Truffaut, ya mwaka 1959. Sisi tunaolea na kufundisha watoto wa rika la balehe, mvulana aliyemo humo tunamjua.

Anaitwa Antoine, wa Paris. Kwao ni pafinyu, analala mlangoni kabisa, na mama yake akichelewa kurudi usiku humruka ndipo apite. Siku moja anatoroka shule. Kesho yake mwalimu anambana: jana ulikuwa wapi? Mtoto anababaika, kisha anasema mama yake amekufa.

Hapo wengi wetu tungeshika vichwa. Mtoto gani huyu anamchuria mzazi wake? Lakini jana hiyohiyo, katika kuzurura, alimwona mama yake barabarani akibusiana na mwanamume asiye mumewe, macho yao yakakutana. Angemweleza nani? Uongo wake ukabeba msiba ambao hakuwa na pa kuupeleka. Jibu alilopata ni kofi la baba wa kambo mbele ya darasa zima.

Baadaye anaiba mashine ya taipu, anakamatwa, anapelekwa kituo cha watoto watukutu. Huko mwanasaikolojia anamhoji. Nawaomba mkitazama mtulie hapa. Mwanasaikolojia huyo haonekani, tunasikia sauti yake tu, ya kike. Kamera imemkalia mtoto, vidole vinahangaika mezani, naye anasimulia: hata akisema kweli haaminiwi, basi bora adanganye. Anasimulia pia kwamba mama yake hakutaka azaliwe, bibi ndiye aliyemwokoa. Jean-Pierre Léaud, aliyeigiza, alikuwa na miaka 14, na mengi aliyajibu kwa maneno yake mwenyewe. Mtoto aliyeitwa mwongo tangu mwanzo sasa anamwaga kila kitu, kwa sababu kaulizwa, na aliyemwuliza kanyamaza akasikiliza.

Truffaut aliyajua haya. Naye utotoni aliwahi kufungiwa kituo cha namna hiyo, na aliyemsaidia kutoka ni mhakiki wa filamu André Bazin, mtu asiye ndugu yake, aliyekuja kumpa hata pa kulala. Bazin alifariki tarehe 11 Novemba 1958, upigaji picha ukiwa ndiyo kwanza umeanza. Filamu imetolewa kwa kumbukumbu yake. Jina lake linatokea mwanzoni, kabla Antoine hajafungua mdomo.