Ruleti: soma meza kabla hujaweka dau

Habari zenu watazamaji, karibuni tena kutoka Kirumba, Mwanza. Vijana wengi wakiniuliza kuhusu ruleti, ule mchezo wa kamari wa kubashiri mpira utatua kwenye namba au rangi gani ya gurudumu linalozunguka, huuliza rangi gani inatoka sana. Leo nataka tuulize swali lenye faida zaidi: ukishinda unalipwa kiasi gani, na je, malipo hayo yanalingana na ugumu wa kushinda? Kama hujafika miaka 18, sheria haikuruhusu kucheza, lakini hesabu unaweza kujifunza.

Chukua karatasi na kalamu. Simamisha video ukihitaji.

Hatua ya kwanza, chora meza. Andika 1, 2, 3 kwa mlalo, chini yake 4, 5, 6, endelea hivyo hadi 36. Umepata mistari 12 ya namba tatutatu. Juu kabisa andika 0. Namba 18 ni nyekundu, 18 ni nyeusi, na sifuri ni ya kijani. Jumla ni vyumba 37 kwenye gurudumu. Hiyo 37 izungushie duara, tutaihitaji.

Hatua ya pili, madau. Ukiweka juu ya namba moja unalipwa 35 kwa 1. Ukiweka kwenye mstari unaotenganisha namba mbili, 17 kwa 1. Namba tatu za mlalo, 11. Kona ya namba nne, 8. Milalo miwili, yaani namba sita, 5. Dazeni moja au safu moja ndefu ya kushuka, 2 kwa 1. Nyekundu au nyeusi, shufwa au witiri, 1 hadi 18 au 19 hadi 36, unalipwa sawa na ulichoweka.

Hapa watu wengi wanachanganyikiwa. Kwenye simu unaona odi, yaani namba ya kuzidishia dau lako, ya 36, mezani unaambiwa 35 kwa 1. Ni kitu kilekile: odi imejumlisha na dau lako linalorudi.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha video hii. Chukulia gurudumu limezunguka mara 37 na kila namba imetoka mara moja, nawe umeweka buku kila mzunguko. Umetoa shilingi 37,000. Kama ulishikilia namba moja, umeshinda mara moja, mkononi una 36,000. Dazeni? Umeshinda mara 12, kila mara 3,000: 36,000. Nyekundu? Mara 18, kila mara 2,000: 36,000. Kona? Mara nne kwa 9,000. Piga mwenyewe.

Umeona? Malipo yamepangwa kana kwamba vyumba ni 36, wakati ni 37. Ni kama dalali wa soko la samaki la Mwaloni anayejitolea samaki mmoja katika kila samaki 37 wanaopita mbele yake, awe sangara au sato. Hiyo ni asilimia 2.7 ya kila dau. Kinachotofautiana ni mwendo wa pesa tu: nyekundu hupanda na kushuka taratibu, namba moja inakukausha kwanza. Hata ukiishikilia mizunguko 37, uwezekano wa kutoipata kabisa ni karibu asilimia 36.

Hatua ya nne, kuhusu kudabo dau ukishindwa. Anza na 1,000 kwenye nyekundu: 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000, 64,000. Ukikosa mara saba mfululizo zimeondoka 127,000, na dau linalofuata ni 128,000, ili mwisho upate faida ya 1,000. Tena meza ina kikomo cha dau. Wala usiseme nyeusi imetoka sana, sasa ni zamu ya nyekundu. Tarehe 18 Agosti 1913, kule kwenye kasino ya Monte Carlo, Monaco, nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo, na waliokuwa wakiingojea nyekundu walipoteza fedha nyingi. Mpira haukumbuki ulipotua mara iliyopita.

Hatua ya mwisho, hesabu sifuri. Ukiona na 00, hilo ni gurudumu la Marekani, vyumba 38, malipo yaleyale. Makato yanafika asilimia 5.26. Humo kuna dau la namba tano: 0, 00, 1, 2 na 3, linalolipa 6 kwa 1. Lifanyie hesabu ileile: umetoa 38,000, umeshinda mara tano kwa 7,000, una 35,000. Hilo ndilo dau baya kuliko yote kwenye meza hiyo.