Kutoka nyuzi 350 kwenda 10, mhimili upite wapi?

(Mhadhara kwa mafundi na wanafunzi wa ufundi, Dodoma)

Ndugu zangu mafundi, hamjambo? Sote tumepita kwenye kipilefti hapa mjini. Barabara unayoitaka ikiwa mkono wako wa kulia, bado utaanzia kushoto na kuzunguka robo tatu ya duara, kwa sababu sheria imeshaamua upande. Mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ikiwa inazungusha mti unaochongwa, haina sheria hiyo mpaka mtunzi wa programu inayoiendesha aiweke.

Siku moja nilikuwa nachonga tendegu la mninga. Mhimili A, yaani ule unaozungusha mti, ulikuwa kwenye nyuzi 350, nikaandika G1 A10 (amri ya kukata ukielekea nyuzi 10), nikitegemea usogee nyuzi 20 mbele. Ukarudi nyuma nyuzi 340, kisu kikiwa ndani ya mti. Tendegu likaharibika, na mti ule ni ghali.

Wengi husema dawa ni njia fupi kila mara. Nakataa. Chukua msokoto wa mizunguko 10: unaanzia A0 unaishia A3600. Programu inayokunja kila namba irudi chini ya 360 itaona 3600 ni sawa na 0, kwa hiyo kisu kitasonga mbele huku mti umesimama. Utapata mfereji ulionyooka! Kwa hiyo wakati wa kukata, yaani G1, namba ifuatwe kama ilivyoandikwa; anayetaka kuvuka 360 aandike A370. Njia fupi ibaki kwa G0, yaani mwendo wa haraka bila kukata, kisu kikiwa nje. Hapo ukitoka 3600 kwenda 0, mashine itambue kwamba imeshafika, isipoteze muda kufungua mizunguko 10.

Isipokuwa meza inayozunguka yenye nyaya au mipira ya kupitisha hewa. Hiyo lazima ifunguke ilikotoka, na programu iambiwe mapema kwamba ina mwisho.

Kugawa duara mara 7 kwa G91, yaani kuhesabu kila hatua kutoka pale ulipo, ukiandika 51.429 kila hatua, unamaliza kwenye 360.003. Tumieni G90, inayohesabu kila namba kutoka sifuri.

Na safari ikiwa ya nyuzi 180 kamili? Pande zote ni sawa, lakini programu isibahatishe. Mimi ningeiagiza iende mbele daima, kwa sababu meno ya gia yana nafasi kati yao, na ukifika kwa kutokea upande ule ule, jino hulala pale pale. Hata njia fupi ikirudi nyuma, ipitilize kidogo, kisha isogee mbele mpaka kwenye alama.