Ripoti ya Tume ni Mali ya Nani?

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na nyote mliofika jioni hii, asanteni sana.

Kuna kauli ambayo watu huisema kila Serikali inapotangaza tume: "Ndiyo imeisha hiyo." Wamezoea. Watu wamekufa ajalini, au risasi zimepigwa, au fedha za umma zimeyeyuka. Wakubwa wanasimama mbele ya kamera, wanaunda tume, hasira inapoa. Funika kombe, mwanaharamu apite. Siwalaumu wanaosema hivyo, wameona mengi. Lakini nimekuja kuitetea tume ya uchunguzi, na kuitetea kwa dhati, kwa sababu tunapoidharau mapema tunawapa wakubwa hao kile hasa wanachokitaka, yaani nafasi ya kuipokea ripoti na kuifungia kabatini bila mtu kuuliza.

Kisheria jambo lenyewe ni jepesi kulieleza. Nchi zilizorithi sheria za Kiingereza zina utaratibu unaofanana. Tanzania ina Sheria ya Tume za Uchunguzi, Sura ya 32. Kenya ina yake, Sura ya 102. Rais anatoa hati, inatangazwa gazetini rasmi, nayo inataja makamishna na hadidu za rejea, yaani mambo ambayo tume imeagizwa kuyachunguza. Tume inaweza kumwita shahidi, kumwapisha na kudai nyaraka. Haimhukumu mtu kwa jambo inalolichunguza wala haimlipi aliyefiwa. Kazi yake ni kusikiliza na kuandika.

Kuandika tu? Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, na ndipo mimi ninapotaka tukae kidogo.

Mahakama hupokea swali lililokwisha kukatwa: huyu mtu, siku ile, alitenda kosa hili au hakutenda? Kinachoangukia nje ya swali hilo kinawekwa kando, na ni haki kiwekwe kando, maana uhuru wa mtu uko mezani. Lakini maafa makubwa mara nyingi hayana mtu mmoja. Yana mazoea, yana uvivu wa miaka, yana karatasi iliyowekwa mahali pasipostahili.

Karatasi hiyo siisemi kwa mfano. Tarehe 6 Julai 1988, katika Bahari ya Kaskazini, mtambo wa mafuta uitwao Piper Alpha ulilipuka. Walikufa watu 167. Uchunguzi wa umma uliongozwa na jaji wa Scotland, Lord Cullen, na ripoti yake ya mwaka 1990 inasimulia saa za mwisho kwa utulivu unaoumiza kuliko kilio. Mtambo ulikuwa na pampu mbili, A na B. Mchana ule vali ya usalama ya pampu A iling'olewa kwenda kufanyiwa matengenezo. Jioni haikuwa tayari, basi mwanya ulioachwa ukafungwa kwa kifuniko cha chuma, na kibali cha kazi kikaachwa chumba cha udhibiti. Usiku, kama saa 3:45, pampu B ilizima ikakataa kuwaka. Watu wa zamu wakatafuta vibali kuona kama pampu A inaweza kuwashwa. Kibali kimoja kuhusu pampu A walikiona, kikionyesha matengenezo ambayo yalikuwa hayajaanza. Kile cha vali hawakukiona. Na vali yenyewe ilikuwa juu, mbali na pampu, huwezi kuiona ukiwa umesimama pale chini. Wakaiwasha. Dakika chache baadaye gesi ilivuja kwenye kile kifuniko, kisha ikashika moto.

Sasa tuulize: nani mwenye kosa? Aliyeacha kibali? Aliyekitafuta asikione? Mahakama ingebanwa humo. Uchunguzi wa Cullen haukubanwa. Uliuliza kwa nini zamu ya mchana haikukabidhiana kwa mdomo na zamu ya usiku. Uliuliza kwa nini pampu za kuzima moto haziwezi kujiwasha zenyewe, na jibu likawa ni mazoea ya kuziweka kwa mkono wakati wapiga mbizi wako majini. Uliuliza kwa nini mitambo jirani iliendelea kusukuma mafuta kwenye bomba lililounganishwa na mtambo unaoungua, na ikaonekana waliokuwa zamu huko hawakujiona na mamlaka ya kusimamisha uzalishaji. Ukafika hadi Serikalini kuhoji kama wizara ile ile inayotaka mafuta mengi yatoke ndiyo inayofaa kukagua usalama. Mapendekezo yalikuwa 106. Yote yalikubaliwa, na ukaguzi wa usalama ukahamishwa kutoka wizara ya nishati.

Nimeichukua habari hii mbali kidogo ili tuone umbo la tume inayofanya kazi. Inaanza na kibali kimoja, inaishia na muundo wa Serikali. Hakuna chombo kingine ninachokijua kinachoweza kutembea safari hiyo yote hadharani, na kila aliyeguswa akiwa na haki ya kusikilizwa.

Lakini safari hiyo inategemea mlango ulioachwa wazi siku ya kwanza, nao ni zile hadidu za rejea. Tume ikiambiwa ichunguze "chanzo cha moto", itarudi na habari za nyaya za umeme. Ikiambiwa ichunguze "chanzo cha moto na mazingira yaliyosababisha vifo", hapo itauliza milango ya dharura ilifungwa na nani, na nani aliyesaini kwamba jengo ni salama. Maneno machache yameongezwa, na tume imegeuka kitu kingine kabisa. Kwa hiyo siku hati inapochapishwa, ndugu zangu, msikimbilie majina ya makamishna. Someni hadidu kwanza. Kelele zikipigwa wiki ile, hadidu zinaweza kurekebishwa. Baada ya hapo tume haiwezi kulaumiwa kwa kutochungulia chumba ambacho haikupewa ufunguo wake.

Majina nayo yana uzito wake, maana kesi ya nyani haiamuliwi na ngedere. Afrika Kusini waliliona hili vizuri. Mwaka 2016 Mlinzi wa Umma wa wakati huo, yaani ofisa anayechunguza malalamiko dhidi ya Serikali, Thuli Madonsela, alitaka iundwe tume kuhusu madai ya genge la watu kuiteka dola, na kwa kuwa Rais Jacob Zuma mwenyewe alikuwa ndani ya madai hayo, akaelekeza jaji wa kuiongoza achaguliwe na Jaji Mkuu, si na Rais. Ndivyo ilivyopatikana Tume ya Jaji Zondo, iliyoanza kazi mwaka 2018. Zuma alipokaidi wito wa kufika mbele yake, Mahakama ya Katiba ilimhukumu kifungo cha miezi 15 mwaka 2021 kwa kudharau amri ya mahakama. Rais mstaafu! Linganisheni na Kenya ya mwaka 1990. Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Ouko, aliuawa Februari mwaka huo. Ikaundwa tume ya Jaji Evans Gicheru, ikasikiliza mashahidi kwa mwaka mzima na zaidi, kisha Rais Daniel arap Moi akaivunja mwaka 1991 kabla haijamaliza. Aliyeiunda kwa kalamu aliivunja kwa kalamu.

Nataka pia niseme neno juu ya aina ya pili ya tume, ile ya kukusanya maoni, kwa sababu hapa tuna mfano wa kujivunia na hatuusimulii ipasavyo. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iwaulize Watanzania, Bara na Visiwani: tuendelee na chama kimoja au tuwe na vyama vingi? Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kibaki. Tume ikapendekeza vyama vingi.

Nimewahi kusikia wasomi wakiita huo usaliti wa maoni ya wengi. Sikubaliani nao hata kidogo. Tume haikuwa kura ya maoni. Kama kazi ingekuwa kuhesabu, makarani wangetosha. Makamishna walisikiliza pia sababu: hata miongoni mwa waliotaka chama kimoja wengi walitaka kibadilike, na ile asilimia 20 ilikuwa ni watu wasio na mahali popote halali pa kusimama. Uamuzi ule ulihitaji ujasiri, na mwaka 1992 Katiba ikarekebishwa, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ukafanyika 1995. Ila tume hiyo hiyo iliorodhesha sheria 40 ilizoziona kandamizi na kutaka zifutwe au zirekebishwe. Nyingi zilibaki vitabuni kwa miaka. Serikali ilichukua nyama, ikaacha mifupa, na tume ilikuwa imekwisha kuvunjwa, haina mdomo wa kulalamika.

Hapo ndipo penye donda. Tume ikikabidhi ripoti, inakufa siku hiyo hiyo. Kila taasisi nyingine hubaki hai kudai yake. Tume pekee huacha mtoto wake mikononi mwa mtu ambaye huenda ametajwa ndani. Baada ya mapigano ya kikabila yaliyoitikisa Kenya miaka ya 1990, Tume ya Jaji Akiwumi ilikabidhi ripoti mwaka 1999. Wananchi waliiona 2002. Miaka mitatu mizima maneno ya watu waliochomewa nyumba yalikaa gizani. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Bonde la Ufa likawaka tena.

Jaji Philip Waki, aliyepewa kuchunguza ghasia hizo zilizoua watu 1,133, alikuwa ameyasoma hayo yote. Ndiyo maana Oktoba 2008 alifanya jambo ambalo naona halijapata kusifiwa vya kutosha. Majina ya waliodhaniwa kubeba dhamana kubwa hakuyaandika katika ripoti. Aliyatia katika bahasha iliyofungwa, ikakabidhiwa kwa Kofi Annan, aliyekuwa mpatanishi wa mgogoro ule, pamoja na sharti: Kenya iunde mahakama maalumu, la sivyo bahasha iende Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Februari 2009 Bunge likaukataa muswada wa kuunda mahakama hiyo. Julai bahasha ikaenda The Hague, kwenye Mahakama hiyo ya Kimataifa. Kesi zenyewe ziliishia bila mtu kutiwa hatiani, nalijua hilo, na kwa waliofiwa ni jeraha bichi mpaka leo. Lakini kwa mara ya kwanza tume ilikuwa imeacha mkono nje ya kaburi lake.

Tume hiyo ya Waki ilisikiliza faraghani wanawake waliobakwa. Hebu tulifikirie hilo kwa makini. Mwanamke anaingia chumbani, kuna meza, kuna watu asiowajua, kuna mashine ya kurekodi. Anaulizwa ilikuwa saa ngapi, walikuwa wangapi, uliwatambua. Pengine nyumbani hajapata kumsimulia mtu yeyote. Anayasema mbele ya dola kwa sababu dola imemwahidi kwamba yatafika mahali. Tukishamwomba mtu hivyo, ripoti haiwezi tena kuwa mali ya aliyeiagiza. Ni yake. Kumficha jina ni wajibu. Kumficha matokeo ni kumwita bure, na kumwita bure kwa jambo kama hilo ni kumdhulumu mara ya pili.

Kuna watakaosema ripoti nyingine ni mbovu, zimeandikwa kusafisha watu, afadhali zisitoke. Nawaambia nazo zitoke. Tarehe 30 Januari 1972 huko Derry, Ireland ya Kaskazini, wanajeshi wa Uingereza waliwafyatulia risasi waandamanaji. Walikufa 13 siku ile, na mwingine baadaye. Lord Widgery, Jaji Mkuu, alichunguza na kutoa ripoti Aprili mwaka ule ule, akiwaondolea wanajeshi sehemu kubwa ya lawama. Ilikuwa ripoti mbaya. Lakini ilichapishwa, na kwa hiyo familia zilikuwa na kitu cha kupambana nacho: mstari huu si kweli, shahidi huyu hakuitwa, jeraha hili halikuingilia upande huo. Walifanya hivyo kwa miaka 26, mpaka mwaka 1998 Serikali ikaunda uchunguzi wa pili chini ya Lord Saville. Ulichukua miaka 12 na karibu pauni milioni 200. Muda huo ni mrefu mno, wazazi wengine walikufa wakingoja. Juni 2010 ripoti ikatoka: hakuna hata mmoja wa waliouawa aliyekuwa tishio. Waziri Mkuu David Cameron akaomba radhi bungeni, na kule Derry, uwanjani mbele ya umati, ndugu wa marehemu wakaichana nakala ya ripoti ya Widgery.

Ombi langu kwa wanasheria mliomo humu, hasa vijana mtakaoandika miswada, ni moja. Sheria itaje siku. Ripoti ikikabidhiwa, ichapishwe ndani ya miezi mitatu, na yale tu yanayohatarisha shahidi ndiyo yafutwe. Siku hiyo ikipita, mwenyekiti wa tume awe na mamlaka ya kuichapisha mwenyewe, bila kumwomba mtu. Na mwaka mmoja baadaye, Serikali isimame bungeni iseme pendekezo kwa pendekezo, hili tumetekeleza, hili tumelikataa, na kwa nini.

Nasubiri maswali yenu.