Hodi kwa Marehemu

MUSA: Tunarekodi. Zuhura, leo sauti yako imekauka.

ZUHURA: Kaka, niache. Juzi umeme umekatika kwa mteja. Umerudi, kawasha mashine, kabofya programu yangu, inamwambia: "Programu tayari imefunguliwa." Anatafuta dirisha, hakuna.

MUSA: Imefunguliwa wapi sasa?

ZUHURA: Ndilo swali alilonipigia nalo simu. Kwa sauti.

MUSA: Na wewe ndiye uliyetuambia humu humu kwamba faili la kufuli linatosha kuzuia programu isifunguliwe mara mbili.

ZUHURA: Nilisema, sikatai. Programu ikianza inaandika kifaili chenye namba ya mchakato wake, yaani namba ambayo mfumo unaipa programu inayoendeshwa. Nakala ya pili ikija inaisoma, inauliza mfumo: huyu yu hai? Kama kafa, inafuta faili na kuendelea.

MUSA: Yaani inapiga hodi.

ZUHURA: Haya, inapiga hodi. Faili lilikuwa na 4128, maana umeme haukumpa marehemu nafasi ya kulifuta. Nikaangalia: 4128 yupo? Yupo!

MUSA: Kafufuka?

ZUHURA: Ni huduma ya printa. Mashine ikiwaka upya namba zinagawiwa upya, safari hii 4128 ikamwangukia yeye.

MUSA: (anacheka) Unapiga hodi kwa marehemu, printa inaitika!

ZUHURA: Angezima na kuwasha tena, huenda ingefunguka. Ndiyo maana sikuwahi kuliona tatizo hili.

MUSA: Ngoja, printa yenyewe iliitikaje? "Karibu, nina karatasi"?

ZUHURA: Musa.

MUSA: "Wino umekwisha, ila karibu"?

ZUHURA: Tuna vipengele vitano leo! Dawa ni kuuliza kufuli la mfumo wenyewe, siyo namba iliyoandikwa kwenye faili. Kwenye Linux unashika faili kwa flock, wito wa kufunga faili; kwenye Windows unaunda muteksi yenye jina, nayo ni aina ya kufuli. Huko Windows ukipata kosa namba 183, ujue mwenzako katangulia. Mchakato ukifa, hata kwa kishindo, mfumo wenyewe unaachia kufuli. Faili linaweza kubaki hapo miaka, halina neno.

MUSA: Kwa hiyo marehemu anazikwa na funguo zake.

ZUHURA: Eeh! Kisha mgeni, yaani nakala ya pili, asiishie kufukuzwa. Mtu kabofya hati mara mbili, nakala ya pili iipeleke hati hiyo kwa ile ya kwanza, kwa soketi au bomba, njia za programu kupashana habari, halafu ife kimya. Na kuna kituko: Windows haiachi programu iliyo nyuma ijirushe mbele. Mwenyeji, ile nakala ya kwanza, anabaki kumetameta chini kwenye upau. Aliyebofywa sasa hivi ni mgeni, ruhusa ya kuja mbele anayo yeye, na lazima amkabidhi mwenyeji kabla hajafa.

MUSA: Mgeni anampa mwenye nyumba ruhusa ya kufungua mlango wake mwenyewe! Na printa imesimama pembeni inatazama.

ZUHURA: Mwondoe printa kwenye kipindi changu.

MUSA: Sawa, ila mimi sikubali hata huo mlango. Kwa nini nisifungue mbili? Nina skrini mbili, nataka hati hii huku na ile kule. Funga data, uiache programu.

ZUHURA: Nakala mbili, mipangilio ileile. Ya mwisho kufungwa inafuta yote uliyobadilisha kwenye ya kwanza. Nimeshaliona hilo.

MUSA: Basi ulifunga kitu kisicho sahihi. Ungefunga faili la mipangilio wakati wa kuandika.

ZUHURA: Kufunga wakati wa kuandika hakusaidii! Ya pili ilishasoma mipangilio ya zamani asubuhi, imeikalia kwenye kumbukumbu. Ukitaka madirisha mawili nitakupa, ndani ya mchakato mmoja.

MUSA: Na mmoja ukianguka, yanaanguka yote mawili. Asante sana.

ZUHURA: Usiangushe, basi.

MUSA: Hilo ni jibu?

ZUHURA: Ndilo nililonalo.

MUSA: Mimi nabaki na mbili zangu.

ZUHURA: Baki. Simu zikija, upokee wewe.

MUSA: (kimya kidogo) Dakika ngapi zimebaki?

ZUHURA: Moja na nusu. Na sijagusa watu wawili walioingia kwenye mashine moja: jina la muteksi likianza na Local ni la kikao cha mtu mmoja, likianza na Global ni la mashine nzima. Wala Mac.

MUSA: Mac kwa sekunde kumi?

ZUHURA: Ukibofya aikoni, mfumo wenyewe unakurudisha kwenye ile iliyo wazi. Ila mtu akiandika open -n kwenye terminali...

MUSA: Anapata ya pili! Unaona? Hata wao wameacha mlango.

ZUHURA: Wa nyuma, Musa. Wa nyuma! Usizime, sija...