Kabla Hujatia Sahihi Karatasi ya Mahudhurio

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, vijana wenzangu, hamjambo. Ahsanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie namna mtu wa kawaida anavyoweza kushiriki katika harakati za tabianchi. Najua wengine mshajiandaa kuambiwa mzime taa na mbebe vikapu sokoni. Vikapu tushabeba, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Taa nazo, stima yetu hujizima yenyewe bila kuombwa. Kwa hiyo hayo nayapita. Nimekuja kuzungumza habari ya mkutano: ule anaouitisha chifu, kwenye darasa la shule ya msingi, watu wa mradi wakaja na magari mawili, maji ya chupa na karatasi ya kutia sahihi.

Tuanze na Lamu. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi, wa megawati 1,050, katika kaunti ambayo mji wake mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Septemba 2016 mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatoa leseni. Watu wa Lamu, wakiwemo wavuvi waliohofia maji ya moto na majivu kuingia baharini, walikuwa washajikusanya chini ya muungano wa Save Lamu. Mwaka huohuo Save Lamu na wakazi watano wakakata rufaa kwenye jopo la kitaifa la mazingira, linalosikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya NEMA. Tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni.

Kwa nini ilifutwa? Sikilizeni hapa, maana ndipo penyewe. Mikutano na wananchi ilikuwepo. Jopo lakini liliona kwamba ile ilikuwa mikutano ya kuutambulisha mradi, iliyofanywa kabla ya utafiti kukamilika. Ripoti ya athari, ile yenye kueleza moshi, majivu na maji, haikurudishwa kwa wananchi ipasavyo waijadili. Tena Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Kampuni ilikata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupilia mbali.

Basi mradi wa mabilioni ulikwama kwa swali ambalo yeyote humu ndani angeweza kuliuliza: "Ripoti iko wapi, na lini mtatusomea?"

Sasa ile karatasi. Mwenzangu, unapoingia mkutanoni unapewa kalamu, unaandika jina, nambari ya kitambulisho, unatia sahihi, unapokea soda. Karatasi ile haiishii mfukoni mwa karani. Hubandikwa nyuma ya ripoti kama ushahidi kwamba umma ulishirikishwa. Umeuliza, umenyamaza, umelala usingizi, jina lako lipo. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, soma kichwa cha karatasi. Kama haina kichwa, usisaini mpaka kiandikwe. Kisha ipige picha kwa simu. Na chagueni mtu wenu wa kuandika kumbukumbu, maana karani wa mradi ataandika "wananchi waliunga mkono" hata kama nusu yenu mlitoka mkiguna. Ukiuliza swali, taja jina lako na uombe liandikwe kama ulivyolisema.

Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003 zinataka mwenye mradi abandike mabango, atangaze gazetini na redioni, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na watakaoguswa na mradi. Ripoti ikishafika NEMA, umma hualikwa kutoa maoni, kwa maandishi au kwa mdomo. Maandishi hayo si lazima yawe ya wakili. Ukurasa mmoja watosha: mimi fulani, naishi mahali fulani, navua au nalima hapa, jambo hili la ripoti linanitia wasiwasi kwa sababu hii. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri. Watu wetu hupeleka barua wasibaki na nakala, halafu barua ikipotea tunabaki kulalamika barazani. Leseni ikitolewa nawe hukubaliani, una siku 60 za kukata rufaa kwenye jopo. Zikipita, mlango huo ni mgumu kuufungua tena.

Kuna kijana aliniuliza pale nje: Kenya inachangia chini ya asilimia moja ya gesi chafu za dunia, haya yote ya nini? Swali zuri. Umeme wetu mwingi leo unatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo. Mtambo wa makaa ukishajengwa haung'olewi mwaka kesho. Utachoma miaka na miaka na deni lake mtalilipa kwenye bili. Ni rahisi kuuzuia ukiwa bado karatasi.

Juu ya kupanda miti nitasema kidogo tu, kwa vile kesho najua kuna safari ya mikoko. Mikoko ni ya aina nyingi, lakini watu hupenda kuchomeka ile aina iitwayo mkoko wenyewe kwa sababu mche wake mrefu ni rahisi kuushika, wakauchomeka hata ufuoni kabisa kunakopiga mawimbi, mahali pa mlilana, aina nyingine ya mikoko. Picha zinapendeza, baada ya miezi michache miche imekufa. Waulizeni wazee kabla ya kupanda nini kilikuwa kikiota pale. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja unatunza hekta 117 na umekuwa ukiuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa hewa chafu inayofyonzwa na mikoko, tangu 2013. Fedha zake zimeingia kwenye maji na vitabu vya shule, na wanakijiji ndio wanaoamua zitumikeje. Sehemu kubwa ya kazi yao ni kuulinda msitu uliopo usikatwe.

Nimeacha mifano ya barua ya maoni pale mezani, ya Kiswahili. Chukueni, na anayejua kusoma amsomee jirani. Haya, maswali. Tuanze na mama wa nyuma pale, ameinua mkono kitambo.